Treni za London kwa mtumiaji wa kiti cha magurudumu: anza na mahali pa kutokea

Ndugu na jamaa wakinipigia simu kuniuliza wapande treni gani wakishatua London, nami huwauliza: unashukia wapi? Kupanda si kazi kubwa. Kwenye kituo cha kuanzia, ukikuta lifti ni mbovu unageuza kiti, unatafuta basi, basi yameisha. Lakini ukishashuka chini ya ardhi kwenye kituo usichokijua, treni ikaondoka, ukatazama huku na huku ukaona ngazi tupu, hapo huna njia nyingine ila kungoja treni ijayo ikuondoe. Nina miaka kumi na moja natembea na kiti cha magurudumu katika mji huu, na karibu kila safari iliyoniharibikia iliharibikia mwishoni. Kwa hiyo nitakuelekeza kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe: natafuta kwanza mlango wa kutokea, halafu narudi nyuma hadi mlangoni kwangu.

Ujue mji ulivyojengwa

Reli ya chini ya ardhi ya London ilifunguliwa mwaka 1863, kati ya Paddington na Farringdon, na sehemu kubwa ya mtandao ilichimbwa bila mtu yeyote kumfikiria abiria asiyepanda ngazi. Ina vituo 272. Vile unavyoweza kutoka barabarani hadi kwenye jukwaa la treni bila kukutana na ngazi ni zaidi kidogo ya 90, yaani kama theluthi moja. Hizo theluthi mbili zilizobaki zina majina ambayo kila mgeni anayajua: Oxford Circus, Piccadilly Circus, Leicester Square, Camden Town, Baker Street. Hizo kwako si stesheni. Zifute kichwani mapema usijiumize nazo.

Njia mpya zina habari nyingine. Treni za DLR, zile zisizo na dereva zinazozunguka mashariki mwa mji tangu 1987, unaingia na kutoka bila ngazi kwenye vituo vyake vyote. Elizabeth line, iliyofunguliwa Mei 2022, ina vituo 41 na vyote vina njia ya kufika jukwaani bila ngazi. Kati ya Paddington na Woolwich, na kule Heathrow, sakafu ya treni iko sawa na jukwaa, unaingia kama unavyoingia sebuleni. Kwenye vituo vyake vya nje ya hapo utahitaji mhudumu akuwekee rampu. Na Jubilee line, kile kipande cha Westminster hadi Stratford kilichokamilika 1999, kila kituo kina lifti hadi jukwaani.

Hizo tatu ndizo uti wa mgongo wangu. Nikipanga safari yoyote, naanza kuuliza kama DLR, Elizabeth au hicho kipande cha Jubilee vinaweza kunifikisha, au angalau kunisogeza karibu, halafu nimalizie kwa basi. Njia nyingine nazifikiria baadaye.

Hatua ya kwanza: chunguza kituo cha kushukia

Kwenye ramani ya kawaida ya treni za London, baadhi ya vituo vina alama ya kiti cha magurudumu. Alama ziko za aina mbili, na watu wengi hawajui tofauti yake. Duara la bluu lenye kiti cheupe ndani maana yake huna ngazi kutoka barabarani hadi ndani ya treni. Duara jeupe lenye kiti cha bluu maana yake huna ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani. Kati ya jukwaa na treni kuna mwanya, au kimo cha kupanda, au vyote viwili. Ukichanganya hizo mbili utajikuta umefika jukwaani vizuri kabisa, na treni imesimama mbele yako, na huingii.

Usitosheke na mtu kukwambia kituo fulani kina lifti. Covent Garden kina lifti, tena kubwa, na umati wa watu unaitumia kila siku. Ukishuka nayo unakutana na ngazi kabla ya kufika jukwaani. Swali sahihi la kumwuliza mhudumu, au rafiki, au mtu uliyemkuta njiani, ni hili: kutoka barabarani hadi jukwaani, kuna ngazi hata moja?

Angalia pia upande. Kuna vituo vyenye lifti upande mmoja wa reli tu. Mfano ninaoutoa kila mara ni Euston Square, kwa sababu kiko jirani na hospitali ya University College na wagonjwa wengi wa kwetu wanaitwa pale. Ukitokea King's Cross kuelekea magharibi, unashuka, unapanda lifti, unatoka. Wakati wa kurudi, jukwaa la treni za kuelekea mashariki halina njia isiyo na ngazi. Mtu amefika salama kwenye miadi yake, amechoka, dawa zimemlegeza, halafu anagundua kwamba njia aliyokuja nayo haimrudishi. Kwa hiyo panga kwenda na kurudi kama safari mbili tofauti. Kutoka hapo kurudi King's Cross mimi huchukua basi, na King's Cross St Pancras ina lifti za njia zake zote.

Hatua ya pili: pima mwanya

TfL, mamlaka ya usafiri ya London, wana ramani ya pekee kwa ajili ya safari zisizo na ngazi. Iombe kituoni au ipakue. Ndani yake kila jukwaa limepewa herufi mbili: moja ya kimo kati ya jukwaa na treni, nyingine ya upana wa mwanya. A ni nzuri, B ni ya wastani, C ni kubwa. Kwa kimo, A haizidi milimita 50, yaani kama upana wa vidole vitatu. C ni kuanzia milimita 120 kwenda juu. Kwa mwanya, A haizidi milimita 85, na C inapita 180.

Sasa linganisha namba hizo na kiti chako mwenyewe, si cha mtu mwingine. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayoamua. Kiti cha umeme chenye magurudumu makubwa mbele kinameza mwanya wa B bila shida. Kiti chepesi cha kusukuma kwa mikono, chenye vigurudumu vya mbele vidogo kama vya skuta ya mtoto, kinaweza kunasa hata kwenye A ukiingia kwa pembe. Chukua rula, pima kipenyo cha kigurudumu chako, ukijue kama unavyojua saizi ya kiatu chako. Kwenye majukwaa mengi sehemu fulani imeinuliwa ili ilingane na sakafu ya treni, na imechorwa alama ya kiti chini. Subiri hapo hapo. Mita tano pembeni ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya tatu: chora njia

Mgeni anayetua Heathrow na wenyeji wake wako Woolwich, ambako Waafrika ni wengi, ana njia nyepesi kuliko zote: Elizabeth line kutoka Heathrow, treni iliyoandikwa Abbey Wood, bila kubadilisha, hadi Woolwich. Sakafu sawa mwanzo, sakafu sawa mwisho. Ikiwa treni iliyopo inaelekea Stratford na Shenfield, ipande, shukia Whitechapel, ungoje inayokwenda Abbey Wood. Kuna Piccadilly line pia inayotoka uwanja wa ndege, na nauli yake ni nafuu, ila vituo vyake vingi vya katikati ya mji havina lifti, na ukiwa na mabegi na uchovu wa ndege sioni sababu ya kujitesa.

Sasa mfano mgumu kidogo. Mtu anakaa Woolwich na ana miadi hospitali ya St Thomas', iliyo ng'ambo ya mto mkabala na Bunge. Ramani inamvuta kwenye Elizabeth line hadi Canary Wharf, halafu Jubilee hadi Westminster. Inawezekana, lakini vituo viwili vya Canary Wharf havijaungana. Unatoka nje kabisa, unasukuma kiti dakika kadhaa kati ya majengo, kwenye mvua au upepo wa mto, halafu unaingia tena. Mimi huchukua DLR kutoka Woolwich Arsenal, treni ya kuelekea Stratford International, nashukia Canning Town. Hapo unabadilisha kwenda Jubilee kwa lifti. Nashukia Westminster, ambako Jubilee iko chini sana na utabadilisha lifti, kwa hiyo jipe muda. Ukitoka nje, unavuka daraja la Westminster kwa njia ya waenda kwa miguu, na hospitali iko upande wa pili. Kwenye saa ya watalii daraja hujaa watu wanaorudi kinyumenyume wakipiga picha. Usione haya kusema samahani kwa sauti.

Safari ya dakika arobaini kwa mtu anayetembea, wewe iandikie saa moja na nusu. Lifti zina foleni, na anayengoja lifti nyuma yako na mkokoteni wa mtoto naye ana haki yake. Kama unaweza kuchagua saa ya miadi, omba baada ya saa nne asubuhi. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, na kati ya saa kumi na saa moja jioni, treni hujaa kiasi kwamba nafasi yako unaiona kwa macho na huifikii.

Hatua ya nne: asubuhi ya safari

Fungua programu ya TfL Go kwenye simu kabla hujavaa koti. Ina ramani ya njia zisizo na ngazi na inaonyesha lifti ambazo hazifanyi kazi wakati huo. Angalia kituo cha kushukia kwanza, kisha cha kubadilishia, kisha chako. Kama huna simu ya aina hiyo, piga 0343 222 1234, namba ya TfL. Jumamosi na Jumapili angalia pia kama njia imefungwa kwa matengenezo, kwani kazi nyingi za reli hufanywa siku hizo.

Rudia kuangalia ukiwa njiani. Lifti iliyokuwa nzima saa mbili yaweza kuwa imekufa saa nne.

Hatua ya tano: mtafute mhudumu, hata kama hudhani unamhitaji

Kwenye treni za TfL huhitaji kuagiza msaada mapema. Huduma yao inaitwa Turn Up and Go: unafika, unamwona mhudumu getini, unamweleza. Mpe mambo matatu: unakwenda wapi, unabadilisha wapi, na kama unahitaji rampu. Atakupeleka jukwaani, atakuwekea rampu kwenye vituo vilivyo nayo, na atampigia mwenzake wa kituo cha kushukia akungoje.

Hapo kwenye kupiga simu ndipo pa kukazia macho. Usiondoke kabla hujasikia kwa masikio yako kwamba amejibiwa. Siku moja, jioni, mhudumu mmoja aliniingiza vizuri sana, akaniaga kwa mkono, akasahau kupiga. Treni ilifika kituo changu, milango ikafunguka, nikaona jukwaa liko chini yangu kwa karibu shibiri nzima na hakuna mtu. Kijana aliyekuwa amesimama mlangoni akatoa kichwa nje akaita, hakuna aliyeitikia. Milango ikafunga. Nilishukia vituo vitatu mbele, palipokuwa sawa, nikarudi kwa basi usiku. Sikuumia mwili. Lakini ile hali ya kupita kituo chako huku unakitazama, sitaki uionje.

Tangu siku ile nafanya hivi. Kabla ya mlango kufungwa namwomba mhudumu aseme namba ya behewa kwenye simu anayopiga. Namba huwa imeandikwa ndani ya behewa, juu ya mlango wa mwisho, nami naipiga picha. Kituo kimoja kabla ya changu namwambia abiria aliye jirani yangu: nashuka kinachofuata, nasubiri rampu, tafadhali simama mlangoni. Sijawahi kukataliwa. Na najua kitufe cha kuzungumza na dereva kiko wapi, karibu na nafasi ya viti vya magurudumu. Nisipomwona mhudumu, nabonyeza treni ikiwa bado imesimama kituoni, namweleza dereva kwamba nahitaji kushuka. Kitufe hicho kimewekwa pale ili watu kama sisi tukifikie, kitumie.

Hatua ya sita: kuingia na kutoka

Nenda kwenye mlango wenye alama ya kiti nje yake; ndiyo unaofungukia nafasi yako. Waache wanaoshuka washuke. Kisha jiweke sambamba na mlango, magurudumu yote mawili ya mbele yakiutazama mwanya kwa usawa. Makosa yote niliyoyaona ni ya pembe: mtu anakuja upande, gurudumu moja linavuka, la pili linageuka na kudumbukia kwenye mwanya. Kwa kiti cha mikono, inua magurudumu ya mbele kidogo kwa msukumo mmoja mfupi, yatue ndani, halafu sukuma makubwa kwa nguvu bila kusita katikati. Usiyeweza kuinua, ingia kinyumenyume: magurudumu makubwa yatangulie, kwani hayo hayanasi kirahisi. Kushuka penye kimo, vilevile kinyumenyume, na mtu nyuma yako akiwepo ni bora zaidi.

Kwa anayesukuma mwenzake: usianze kumsukuma bila kumwambia. Sema tunaingia, yeye aseme haya, ndipo uende. Mikono ya watu imebanwa kwenye rimu kwa sababu msukumaji aliharakisha.

Ndani, funga breki zote mbili. Nafasi yako ikiwa na mabegi au mikokoteni ya watoto, omba kwa adabu na kwa sauti inayosikika. Abiria wengi wanasogea mara moja, wamezama tu kwenye simu.

Lifti ikikugeukia

Ukifika ukakuta lifti imekufa na programu haikukwambia, usiondoke kimya ukahangaike peke yako. Tafuta mhudumu, au bonyeza kile kisanduku cha msaada kilicho jukwaani. Wajibu wao ni kukutafutia njia nyingine inayofaa, na isipokuwepo, kukuitia teksi kwa gharama yao. Wasipoitaja hiyo teksi, itaje wewe.

Basi ni rafiki yako wa siku zote. Mabasi yote ya London yana rampu na nafasi ya kiti cha magurudumu, na mtumiaji wa kiti halipi nauli. Jua basi moja linalopita kila kituo unachokitegemea, liandike kwenye karatasi. Teksi nyeusi nazo zote zina rampu, na kwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 dereva hana ruhusa ya kukutoza ziada kwa sababu ya kiti.

Treni zinazotoka nje ya mji

Kwenda Birmingham, Leicester au Manchester ni mtandao mwingine na utaratibu mwingine. Hapo agiza msaada kupitia Passenger Assist, angalau saa mbili kabla. Namba ni 0800 022 3720 na haina malipo. Ukichelewa kuagiza bado una haki ya kusaidiwa, ila utangoja. Pima kiti chako: kisizidi upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120. Fika kituoni mapema, ujitambulishe kwenye dawati la msaada, kwani jina lako kwenye kompyuta yao peke yake halitakuja kukuchukua mlangoni.

Nauli: mkazi wa London mwenye ulemavu unaotambulika aombe Freedom Pass, kadi ya kusafiri bure, kwa halmashauri yake. Kwa wengine ipo Disabled Persons Railcard, inayopunguza theluthi moja ya nauli ya treni kwako na kwa mtu mzima mmoja unayesafiri naye.

Na nunua ufunguo wa Radar. Ni ufunguo mmoja unaofungua maelfu ya vyoo vya watu wenye ulemavu nchi nzima, mpango ulioanza 1981. Mimi wangu uko kwenye kamba moja na ufunguo wa nyumba. Vituo vingi havina choo, na penye choo mara nyingi huwa kimefungwa kwa kufuli la ufunguo huo. Kwa mtu anayelazimika kupima maji anayokunywa kwa kuogopa safari, ufunguo huo unamrudishia glasi yake ya maji asubuhi.

Jambo likikuharibikia, liandike siku hiyohiyo kabla hujalala: saa, kituo, namba ya behewa, ulichoambiwa. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni inayoendesha treni hiyo. Kama Kiingereza kinakusumbua, wasiliana na Transport for All, shirika la watu wenye ulemavu wanaopigania usafiri, na usisite kumchukua mtoto wa ndugu akutafsirie.